Dizeli Ile Ilichomwa Wapi? Kwa Wanaoanza Kukokotoa Hewa Ukaa ya Taifa kwa Sekta

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kukokotoa hewa ukaa ya taifa nilifanya kosa ambalo hadi leo huwa nalitazamia kila ninapomwona mgeni akifungua lahajedwali yake ya kwanza. Nilichukua takwimu za dizeli yote iliyoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam, nikazidisha kwa kigezo cha utoaji, yaani kiasi cha hewa ukaa kinachotoka kwa kila kipimo cha mafuta yanayoungua, nikaandika jibu katika safu ya usafiri wa barabarani, nikaenda kula chakula cha mchana nikiwa nimeridhika. Kuzidisha kulikuwa sahihi hadi tarakimu ya mwisho, ila sehemu kubwa ya dizeli ile haikuwa yetu. Ilikuwa imepita tu Dar es Salaam ikielekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, na moshi wake ulitokea Kitwe, Lubumbashi na Kigali. Nilikuwa nimeibebesha Tanzania moshi wa majirani zake.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu wengi wanaokuja katika kazi hii hudhani ugumu wake umo katika kemia au katika kanuni za hesabu. Kuzidisha hakumshindi mtu aliyemaliza kidato cha nne. Lita 1,000 za dizeli zina uzito wa kilo 840 hivi. Kila tani ya dizeli, kwa viwango vya jumla vya mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi, hubeba gigajuli 43 za nishati, na kila gigajuli ikiungua hutoa kilo 74.1 za hewa ukaa, kwa hiyo lita zako 1,000 zimetoa takriban tani 2.68. Ukishangaa kwamba kilo 840 za mafuta zimezaa zaidi ya tani mbili na nusu za gesi, kumbuka kwamba kaboni imeungana na oksijeni ya hewani, na ndiyo maana kila kilo 12 za kaboni huwa kilo 44 za hewa ukaa. Hayo utayazoea ndani ya wiki moja. Kitakachokusumbua kwa miaka ni swali la kihasibu kuliko la kikemia: mafuta haya yaliingia kutoka wapi, yaliishia mikononi mwa nani, na moshi wake uandikwe katika jina la nani.

Tuanze na mpaka wa nchi. Katika ukanda wetu mafuta ya kupita ndiyo mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu bandari za Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Mombasa zinahudumia nchi kadhaa zisizo na bahari. Usichukue takwimu ya shehena iliyoshushwa kabla hujauliza ni kiasi gani kilitangazwa forodhani kuwa cha matumizi ya ndani na kiasi gani cha kwenda nje. Takwimu za mamlaka ya udhibiti wa nishati na za mamlaka ya mapato huonyesha mgawanyo huo, na inafaa uzilinganishe, kwani mara nyingine shehena iliyoandikwa kuwa ya kupita huamuliwa baadaye kuuzwa ndani. Bomba la TAZAMA, linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilibeba mafuta ghafi kwa miongo mingi kabla ya kubadilishwa libebe dizeli. Katika miaka ya mafuta ghafi, tangu Tanzania ilipoacha kusafisha mafuta yake, kosa lilijitangaza lenyewe, maana nchi isiyosafisha mafuta haiwezi kuwa na tani nyingi za mafuta ghafi katika matumizi yake. Kenya nayo ilisitisha usafishaji wa Mombasa mwaka 2013, kwa hiyo ukikuta mafuta ghafi katika matumizi ya ndani ya Kenya baada ya hapo, simama uulize. Dizeli iliyokwisha kusafishwa haina alama hiyo usoni, na lita ya kwenda Ndola inafanana kabisa na lita ya kwenda Kibaha.

Hapo hapo kuna jambo ambalo wageni huliona kama kinyume cha yote niliyosema. Kwa usafiri wa barabarani, mafuta huhesabiwa katika nchi yalikouzwa, hata kama gari limevuka mpaka likayachoma upande wa pili. Lori linalojaza tangi Tunduma kisha likapandisha hadi Lusaka limeiachia Tanzania hewa ukaa ya tangi lile lote. Kanuni hii si haki kamili, lakini inafuatika, kwa kuwa mauzo ya kituo cha mafuta yana risiti na moshi wa barabara ya Zambia hauna. Nimeona watu wakijaribu kuirekebisha kwa kukadiria kilomita za malori upande huu na ule, na kila mara walitoka na takwimu mbaya kuliko waliyoanza nayo.

Ndege na meli zina utaratibu wa peke yake. Safari ikianza na kuishia ndani ya nchi, moshi wake unaingia katika jumla ya taifa. Ikivuka mpaka, mafuta yake huandikwa pembeni kama taarifa, nje ya jumla. Uraia wa kampuni ya ndege hauhusiki, kinachoangaliwa ni kipande cha safari. Ndege inayotoka Amsterdam ikatua Kilimanjaro na kumalizia Dar es Salaam ina kipande kimoja cha kimataifa na kimoja cha ndani. Boti ya Dar es Salaam na Unguja ni ya ndani, meli ya Mwanza na Bukoba vilevile, lakini meli ya mizigo inayojaza mafuta Kigoma ikaelekea Bujumbura inakwenda katika safu ya pembeni. Wauzaji wa mafuta ya ndege mara nyingi hukupa jumla moja ya kiwanja kizima, na kazi ya kuigawanya kwa ratiba za safari itakuangukia wewe.

Ukishamaliza mpaka wa nchi, unaingia katika mipaka ya sekta. Neno moja ningependa mgeni alishike mapema: sekta katika hesabu hii si wizara. Mwongozo unagawa vyanzo katika makundi makuu manne, yaani nishati, michakato ya viwandani na matumizi ya bidhaa, kilimo na misitu na matumizi mengine ya ardhi, na taka. Ndani ya nishati kuna matawi ya uzalishaji wa umeme, viwanda na ujenzi, usafirishaji, na kundi linalojumuisha biashara, kaya, na kilimo pamoja na uvuvi. Dizeli ya trekta linalolima mpunga Mbarali haiingii katika kundi la kilimo, bali katika nishati, tawi la kilimo na uvuvi. Katika kilimo chenyewe, ukiacha misitu na ardhi, hewa ukaa ni kidogo mno, kwa kuwa inatokana hasa na urea na chokaa inayotiwa shambani. Gesi kubwa za huko ni methani ya mifugo na oksidi ya nitrasi ya udongo. Afisa mmoja wa kilimo aliwahi kuniuliza kwa ukali kwa nini nimemnyima matrekta yake, na nilipata shida kumweleza kwamba sikumnyima, bali nimeyaweka panapoelekezwa ili mtu wa nchi nyingine aweze kulinganisha jedwali letu na la kwake.

Jenereta zinahitaji uangalifu zaidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika nchi ambazo umeme umekuwa ukikatika zimechoma dizeli nyingi isiyoonekana. Kituo kinachozalisha umeme kwa ajili ya kuuza katika gridi kinaingia katika tawi la uzalishaji wa umeme. Jenereta ya hoteli inayojiwashia yenyewe inaingia katika biashara, na ya mgodi katika viwanda. Muuzaji wa dizeli hajui haya. Yeye anajua kwamba lori la mafuta lilikwenda kwenye mgodi, na dizeli hiyo hiyo imegawanyika huko ndani kati ya jenereta, malori ya kubeba mawe na magari ya wafanyakazi. Niliwahi kwenda kwenye mgodi mmoja nikiwa na dodoso la kurasa nyingi. Mtunza stoo akalitazama, akalisukuma kando, akatoa daftari lake la mkono ambamo kila lita ilikuwa imeandikwa pamoja na namba ya mtambo uliopewa. Daftari lile lilikuwa na thamani kuliko dodoso langu. Tangu siku hiyo huanza kwa kuuliza, "Nani anagawa mafuta hapa?" na si "Nani anashughulika na mazingira?"

Umeme nao moshi wake huandikwa pale ulipozalishwa, wala si pale ulipotumika. Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024, haina mstari katika tawi la usafirishaji. Kama kuna hewa ukaa nyuma yake, imo kwenye mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi. Treni ya Mombasa na Nairobi, inayovutwa kwa dizeli tangu mwaka 2017, iko katika usafirishaji moja kwa moja. Mtu akilinganisha matawi ya usafirishaji ya nchi hizi mbili bila kujua hilo atatunga hadithi isiyokuwepo. Vivyo hivyo umeme ambao Kenya inaununua Ethiopia hauongezi kitu katika jumla ya Kenya.

Kwa tawi la umeme, soma mvua kabla hujasoma sera. Mwaka 2006, na tena mwaka 2011, ukame ulipunguza maji ya mabwawa ya Tanzania, mgawo wa umeme ukawa mkali, na mitambo ya dharura ya mafuta ikakodiwa. Hewa ukaa ya umeme katika miaka kama hiyo hupanda, na hushuka mabwawa yanapojaa. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024, na mgeni atakayekuta gesi imepungua katika takwimu za baada ya hapo asiharakishe kuandika kwamba ni makosa ya data. Kuhusu gesi yenyewe, angalia jambo moja dogo linaloharibu kazi za watu wazima: thamani ya joto. Mikataba ya gesi mara nyingi hutumia thamani ya jumla ya joto, inayohesabu pia joto linalobaki katika mvuke wa maji wa moshi, ilhali vigezo vya mwongozo vimejengwa juu ya thamani halisi, isiyolihesabu joto hilo, na tofauti kati ya hizo mbili kwa gesi asilia ni kama asilimia 10. Ukizidisha moja kwa kigezo cha nyingine, umeongeza sehemu moja ya kumi ya moshi ambao haukuwahi kutoka kwenye bomba lolote.

Mafuta ya taa yalinifundisha kwamba hata jina la bidhaa linaweza kudanganya. Kwa desturi huwekwa yote katika kaya, kwa dhana kwamba ni ya vibatari, kandili na majiko. Tanzania ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa katika bajeti ya mwaka 2011/12, matumizi yake yalianguka ghafla, na msomaji asiyejua angesema kwamba mamilioni ya watu walizima vibatari vyao mwaka mmoja. Ukweli ni kwamba kodi ile iliwekwa kuzuia uchakachuaji, yaani wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, katika dizeli. Kenya ilifanya jambo kama hilo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Kwa hiyo katika miaka ya kabla ya hapo, sehemu ya "mafuta ya taa ya kaya" ilikuwa ikiungua ndani ya injini za malori. Jumla ya taifa haibadiliki sana, kwa sababu vigezo vya bidhaa hizi mbili vinakaribiana, lakini mgawanyo wa sekta unapotoka. Sikupata njia safi ya kurekebisha. Niliandika maelezo chini ya jedwali, nikaacha takwimu zilivyo, na bado naona huo ulikuwa uamuzi sahihi.

Saruji ndiyo mahali ambapo chanzo kimoja hukaa katika sekta mbili kwa wakati mmoja. Tanuri la saruji huchoma makaa ya mawe au gesi, na moshi huo ni wa nishati, tawi la viwanda. Lakini ndani ya tanuri, mawe ya chokaa yenyewe huvunjika na kuachia hewa ukaa iliyokuwa imefungwa humo, na hiyo ni ya michakato ya viwandani hata kama tanuri lingepashwa moto kwa jua. Kwa kila tani ya klinka, yaani mabonge magumu yanayotoka kwenye tanuri, kiwango cha jumla ni kama tani 0.52 za hewa ukaa kutokana na mawe pekee. Nimesema klinka kwa makusudi. Saruji ni klinka iliyosagwa pamoja na vitu vingine, kama jasi na pozolana (majivu ya volkano), na kiasi cha klinka hutofautiana kwa kila aina ya mfuko. Tena viwanda kadhaa katika Afrika Mashariki havina tanuri. Hununua klinka kutoka nje na kuisaga tu. Ukichukua tani za saruji zilizouzwa na kuzizidisha, utaiandikia nchi moshi uliotoka kwenye tanuri lililoko ng'ambo ya bahari. Omba takwimu za klinka iliyozalishwa, kiwanda kwa kiwanda, na uwe na subira, maana viwanda huziona kuwa siri ya biashara. Nilichojifunza ni kuahidi kwa maandishi kwamba takwimu zitachapishwa kwa jumla tu, kisha kuitimiza ahadi hiyo.

Makaa ya mawe nayo yanataka swali lile la bandarini. Ruvuma inachimba makaa mengi, na tangu mwaka 2022 hivi meli zimekuwa zikiyabeba kutoka Mtwara kwenda nje. Tani zilizochimbwa si tani zilizochomwa hapa.

Sasa kuni na mkaa, ambako ndiko nishati nyingi ya kaya zetu inakotoka na ambako mkanganyiko ni mkubwa. Hewa ukaa inayotoka kwenye jiko la mkaa haijumlishwi katika sekta ya nishati. Inaandikwa pembeni kama taarifa, kwa sababu upotevu wa kaboni ya mti ule unapaswa kuwa umehesabiwa katika misitu na matumizi ya ardhi pale mti ulipokatwa. Kuihesabu tena jikoni ni kuihesabu mara mbili. Methani na oksidi ya nitrasi za jiko hilo, kwa upande wake, zinajumlishwa katika nishati, kwa kuwa hazikuhesabiwa penginepo. Utaratibu huu unaeleweka, lakini una matokeo yanayowashtua viongozi. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Familia inapoacha mkaa ikanunua mtungi wa gesi, hewa ukaa ya sekta ya nishati katika jedwali lako inapanda, takriban tani tatu kwa kila tani ya gesi ya mitungi, huku faida ikionekana, kama itaonekana, kwenye sekta ya ardhi, ambako vipimo ni vigumu na huchelewa. Mweleze mkuu wako jambo hili kabla hajaliona mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Na msikilizane na wenzenu wa misitu mapema. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ndiko kilipo kituo cha taifa kinachoratibu masuala ya kaboni, na takwimu zenu mbili lazima zikutane katika mti ule ule.

Utakutana pia na majedwali ya kimataifa, na mtu atakuuliza kwa nini takwimu yako haifanani na ya mtandaoni. Kabla ya kujitetea, uliza, "Asilimia ya nini?" Majedwali mengi ya asilimia kwa sekta, ambayo watu huyanukuu sana, yamekokotolewa juu ya jumla ya uchomaji wa mafuta pekee. Mawe ya chokaa ya saruji hayamo, misitu haimo. Ukisoma kwamba usafirishaji ni sehemu kubwa ya hewa ukaa ya nchi ya Afrika Mashariki katika jedwali kama hilo, ni kweli kwa uchomaji wa mafuta, na si kweli kwa hewa ukaa yote, ambayo katika nchi yenye ukataji mkubwa wa miti hutawaliwa na ardhi. Baadhi ya majedwali hayo pia huweka jenereta binafsi ambazo sekta ya mwenyewe haijulikani pamoja na uzalishaji wa umeme, wakati mwongozo unazipeleka kwa mwenye jenereta.

Njia ya kujikagua iko, na mimi ndiyo iliyonikamata. Hesabu hewa ukaa mara mbili. Mara ya kwanza kutoka juu: yaliyozalishwa nchini, ongeza yaliyoagizwa, toa yaliyouzwa nje, toa ya safari za kimataifa, rekebisha kwa mabadiliko ya akiba ya matangi, na uondoe kaboni isiyochomwa, kama lami, ambayo imelala barabarani. Mara ya pili kutoka chini, sekta kwa sekta. Tofauti ikizidi asilimia 5, kuna jambo la kueleza. Usiifiche kwa kuongeza kitu kidogo katika safu ya "mengineyo". Nimeona ikifanyika, na mkaguzi wa nje huanza na safu hiyo. Pale ambapo chanzo kipo lakini hukukikadiria, weka NE, na pale ambapo hakipo nchini weka NO. Sifuri ni kitu kingine, na kisanduku kitupu katika jedwali hakimwambii msomaji lolote.

Nilipogundua kosa langu la dizeli ya kupita, nilidhani ningerekebisha mwaka ule mmoja na kuendelea. Mzee aliyekuwa akinisimamia aliniuliza swali moja tu, "Na mwaka jana je?" Mbinu ikibadilika, miaka yote ya nyuma hukokotolewa upya kwa mbinu ile ile, la sivyo mstari wa mchoro utaonyesha kushuka ambako hakukutokea. Ilibidi nitafute mgawanyo wa shehena za kupita mwaka baada ya mwaka kurudi nyuma, na kwa ile miaka ambayo kumbukumbu hazikuwa za kompyuta nikakaa wiki kadhaa katika chumba cha majalada nikifungua mafaili yaliyofungwa kwa kamba, ya vumbi na kunguni wa karatasi, nikitafuta neno moja lililogongwa mhuri pembeni mwa kila hati: "Transit".